Mgonjwa Niliyemficha Ndani ya Flashi

Wewe unayenisikiliza, kabla sijafika mbali, niambie kwanza: hiyo flashi uliyoshika umeichomeka wapi mara ya mwisho? Usione haya. Sikuulizi kama askari wa kizuizi cha barabarani. Nakuuliza kwa sababu mimi mwenyewe, mwalimu wa jiografia, mtu anayeweza kukuonyesha kwa chaki mto Semuliki unakotoka na unakoelekea, nilishindwa kufuatilia safari ya kitu kidogo kama kidole kabla hakijaingia nyumbani kwangu. Kwa hiyo kaa tu vizuri. Neno gumu likitokea nitalieleza, na kama kuna mtu wa kuchekwa, nitakuwa mimi.

Nilizaliwa Maniema, mashariki mwa Kongo. Serikali ikanituma kufundisha Butembo, na Butembo ikanipa mke na koti zito. Kompyuta tuliinunua baadaye, ikiwa tayari imetumiwa na watu wengine huko ng'ambo. Inakaa saluni, yaani sebuleni, imefunikwa kitambaa kilichofumwa na mke wangu, kama watu wanavyofunika televisheni. Katika mtaa wetu, mwenye kompyuta ndiye daktari wa kompyuta. Watu huniletea simu zilizoingia maji, redio, hata pasi ya umeme. Sikuwahi kukataa. Hilo ndilo tatizo langu: mtu akiniuliza jambo nisilolijua, naanza kueleza.

Basi shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alipanda kutoka Beni na mfuko mmoja wa nguo na flashi moja. Yeye ni muuguzi. Alikuwa anafanya kazi na kusoma kwa wakati mmoja, na kilichobaki ilikuwa TFC, ile kazi ya mwisho wa masomo ambayo mwanafunzi huandika na kuitetea. Yake ilihusu akina mama wa Oicha na namna wanavyonawisha watoto wao mikono. Mwalimu wake alikuwa ameirudisha ikiwa imejaa masahihisho, na ilitakiwa kukabidhiwa Ijumaa. Ikipita Ijumaa, angesubiri mwaka mwingine, na huyu dada alikuwa ameshasubiri sana. Mara ya kwanza barabara zilifungwa kwa sababu ya vita. Mara ya pili ulikuja ugonjwa, naye akaacha vitabu akaenda kuhudumia wagonjwa. Sasa kompyuta yake ya Beni ilikuwa imekufa, akasema atakuja kumalizia kwetu, kwa kuwa kwetu kuna baridi na kuna shemeji anayejua mambo.

Shemeji anayejua mambo alivuta kiti, akaondoa kitambaa, akawasha.

"Shemeki, ona," alisema mara tu alipoichomeka flashi yake. "Badossier yangu yote imeota kamushale."

Kweli, kila folda ilikuwa na kishale kidogo pembeni. Nikakohoa kidogo, kama ninavyofanya darasani kabla ya somo la volkano.

"Ile ni virus," nikasema. "Ilitoka pale ulifanya imprimer." Maana kabla ya kufika kwetu alikuwa amepitia mjini kuchapa kurasa chache.

"Na kazi yangu itakufa?"

"Hapana. Bintu biko mule. Inabificha tu."

Na hapo nilisema kweli, nataka ulikumbuke hilo, kwa kuwa baadaye hutapata mengi ya kunisifu. Kirusi cha namna hiyo hufanya hivi: kinaficha folda yako halisi na kuweka mbele yake mlango wa uongo. Ukibonyeza mlango, unafika ndani, unaona kazi yako, unafurahi. Lakini kila ukipita, nacho kinapita nyuma yako na kuingia kwenye kompyuta. Nilibadilisha mpangilio mmoja ili vilivyofichwa vionekane, folda za kweli zikatokea, nikanakili ile TFC kwenye kompyuta yetu, na shemeji akapiga makofi. Ningenyamaza hapo, habari hii isingekuwapo. Lakini mtu aliyepigiwa makofi hanyamazi.

"Sasa," nikasema, "tutaweka antivirus. Ya bure."

Mke wangu alikuwa anakunja vitenge vya kupeleka sokoni. Akasimamisha mikono.

"Ya bure?"

"Ya bure."

"Na ule anaitengeneza, anakulaka nini?"

Ni lazima uijue Butembo ili uelewe swali hilo. Huu ni mji wa wafanyabiashara. Hapa kitu cha bure hugeuzwa huku na huku kutafutwa mahali kilipooza. Nikamweleza. Nikamwambia wanaotengeneza antivirus huwauzia wenye ofisi na kuwaachia bure watu wa nyumbani, wakitumaini kwamba siku moja nao watanunua. Ndiyo maana ile ya bure haiachi kukukumbusha: nunua, nunua, uko hatarini, nunua. Nyingine hujilipa kwa kutazama unapita wapi kwenye intaneti na kuuza habari hizo.

"Donc haiko ya bure," alisema. "Iko ya kuonja."

Akaendelea kukunja. Mpaka leo sijapata maelezo mazuri zaidi ya hayo.

Nikaendelea kumfundisha shemeji namna ya kuchagua. Nikamwambia antivirus huchukuliwa kwa mwenyewe aliyeitengeneza, kwenye ukurasa wake, si kwa mtu wa njiani. Nikamwambia utazame kama kompyuta yako, ikiwa ya zamani kama yetu, ina nguvu ya kuibeba. Na utazame kama inapata habari mpya kila mara, kwa kuwa virusi vipya vinazaliwa kila siku, na mlinzi asiyevijua kwa sura atavifungulia geti na kuvisalimu. Shemeji aliniangalia kwa heshima. Yote niliyosema yalikuwa sahihi.

Kisha nikahesabu mega za intaneti zilizobaki kwenye simu yangu, nikavaa koti, nikachukua flashi yangu na kushuka mjini kufanya kinyume cha yote niliyosema.

Nisamehe, au angalau nielewe. Intaneti kwetu tunainunua kwa matone. Kwa hiyo filamu, nyimbo za kwaya, mahubiri, maswali ya mitihani, programu za kompyuta, kila kitu kizito hutembea kwa flashi, mkono kwa mkono. Na flashi zote za mji hukutana kwenye secrétariat, yaani yale maduka ya kuchapa na kutoa nakala. Nenda asubuhi yoyote utaona wanafunzi, wachungaji, makarani wa Serikali na wenye harusi wamepanga mstari, kila mmoja na kidude chake mkononi, wote wakingoja kukichomeka kwenye tundu lilelile.

Mwenye secrétariat ninayoenda ni baba mnene, mcheshi, ambaye huvaa kofia ya sufu hata jua likiwaka.

"Prof! Unatafuta nini leo?"

"Antivirus."

"Ya bure ao ya nguvu?"

"Ya bure."

"Ah, Prof. Mi niko na ya nguvu yenye ikakuwa ya bure. Ilikuwa ya kulipa, mais balishavunja kufuli. Ya maisha yote!"

Maneno hayo, ya maisha yote, yaliniingia moyoni. Nilimpa flashi yangu. Akaichomeka palepale ambapo flashi ya shemeji ilikuwa imepata vishale vyake. Kwa maneno mengine, nilikwenda kuchota dawa kwenye kitanda cha mgonjwa, na nikashukuru.

Nyumbani niliifungua ile programu. Maelekezo yake ya kwanza, kwa Kifaransa kibaya, yalisema: kabla ya kuanza, zima ulinzi wowote ulio kwenye kompyuta. Mtu akibisha kwako na kusema, funga kwanza mbwa wako ndani, halafu mimi nitakulindia nyumba, utamfungulia? Usinijibu. Mimi nilizima.

Siku iliyofuata mwenzangu anayefundisha hesabu alinicheka, akanipa antivirus yake, akisema ile yangu haina maana. Nikaweka na yake, bila kutoa ya kwanza, kwa kuwa sikutaka kupoteza kitu cha maisha yote. Mchana wake likatokea dirisha jekundu katikati ya kioo likipiga kelele kwamba kompyuta yangu imejaa hatari na nibonyeze hapa upesi. Nikabonyeza hapa upesi. Hiyo ikawa ya tatu.

Sasa sikiliza vizuri, hili watu wengi hawalijui. Antivirus hufanya kazi kwa kupekua. Kila unachofungua, inakitangulia na kukipapasa. Ukiweka tatu, ya kwanza inapapasa faili, ya pili inaiona ya kwanza ikipapasa na kusema huyu ni nani, ya tatu inazishika zote mbili mkono. Kompyuta yetu ilianza kwenda kama lori lililobeba viazi kwenye barabara ya Kirumba wakati wa mvua. Shemeji aliandika herufi moja, akaenda jikoni kugeuza maharagwe, akarudi, akaikuta herufi imefika.

"Shemeki, Ijumaa itanikuta bado ku sura ya pili."

"Inajipanga," nikasema.

"Inajipanga nini?" mke wangu aliuliza kutoka uani. "Ukiweka basentinelle batatu ba kulinda nyumba mu parcelle moja, kila mutu anafikiri mwenzake njo mwizi. Usiku mwizi wa kweli akikuja, anabakuta banapigana. Fukuza bote!"

Nilifukuza wote. Ilinichukua asubuhi nzima, kwa sababu yule wa maisha yote alikuwa hataki kutoka. Na wa mwisho alipoondoka, ikatokea kitu ambacho kingepaswa kunifurahisha. Pembeni mwa kioo ikajitokeza ngao ndogo, na maandishi yakasema ulinzi umewashwa.

Kumbe kompyuta yetu ilikuja na antivirus yake. Haikuhitaji kununuliwa, wala kuombwa kwa mtu mwenye kofia ya sufu. Kompyuta nyingi za miaka hii huja nayo, na ukileta mgeni wa kulinda, yenyewe kwa adabu inajikalisha pembeni. Mgeni akiondoka, inasimama tena. Kwa nyumba ya mwalimu inatosha kabisa. Nilikuwa nimezunguka mji mzima nikitafuta kitu kilichokuwa kimekaa saluni kwangu chini ya kitambaa.

Mke wangu alitupatia mega za simu yake ili ngao ile ipate habari mpya, akituangalia kama mtu anayemwaga mafuta ya mawese chini. Kisha nikaiambia ipekue kompyuta nzima. Shemeji akaenda kumwona mama yao upande wa pili wa mji. Mke wangu akaenda sokoni. Nikabaki peke yangu na chai yangu, nikiangalia mstari wa kijani ukisogea.

Ilikamata takataka nyingi, karibu zote nilizileta mimi. Nilikuwa nimeanza hata kujisikia vizuri. Ndipo likatokea jina la mwisho kwenye orodha, nikaweka kikombe chini. Lilikuwa jina la TFC ya shemeji. Ndani yake kuna ugonjwa, kompyuta ilisema, nami nichague: kufuta, kuruhusu, au quarantaine, yaani karantini.

Ungekuwa Beni au Butembo wakati wa Ebola, nisingehitaji kukueleza neno hilo lina maana gani kwetu. Kama hukuwepo, basi jua hivi. Kwa muda mrefu kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji ya klorini na mtu wa kukuelekezea kipimajoto kwenye paji la uso. Mtu akipata homa, gari lilikuja, watu waliovaa plastiki mwili mzima wakamchukua kumtenga katika kituo. Wengi hawakuwaona tena ndugu zao. Kwa hiyo familia zilianza kuficha wagonjwa, huyu kwa shangazi, yule shambani, mwingine nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa mmoja wa walimu waliosimama mbele ya madarasa na kusema: batoto, ambieni wazazi wasifiche mtu, kutengwa ndiko kunakoponya. Nilisema vizuri sana. Nilichora hata mchoro ubaoni.

Na sasa nilikuwa mbele ya kioo, nimeambiwa nitenge karatasi tu, wala si mtu, na nikawaza: ikiingia humo haitatoka.

Basi nikaificha.

Sikuchagua chochote kati ya yale matatu. Nilizima ngao. Nikainakili TFC kwenye flashi ya shemeji. Ndani ya flashi nikatengeneza folda, na ndani ya folda hiyo folda nyingine, nayo nikaiita Sombe, yaani kisamvu, mboga yetu ya kila siku. Kisha, ili antivirus isije ikapata hata harufu yake, nikaifuta ile iliyokuwa kwenye kompyuta, na ile ya zamani kwenye flashi, na kumwaga pipa la takataka. Nikarudishia kitambaa. Nikanywa chai iliyobaki, imepoa, nikiwa na amani ya mtu aliyeokoa familia.

Shemeji alirudi alasiri pamoja na mke wangu. Ilikuwa Jumatano.

"Shemeki, leo namaliza conclusion," alisema, akachomeka flashi kabla sijamzuia. Nilikuwa najiambia ngao bado imezimwa. Lakini ngao ya namna ile ukiizima, baada ya muda hujiwasha yenyewe. Imetengenezwa hivyo kwa ajili ya watu kama mimi. Na haikuuliza safari hii. Tuliona tangazo dogo likipita pembeni mwa kioo, hatari imeondolewa, na ndani ya Sombe hapakuwa na kitu.

"Kazi yangu iko wapi?"

Nikashika kitambaa cha kompyuta, nikaanza kukikunja upya. Mke wangu ananijua. Akakaa chini kwenye mkeka na kuweka mikono magotini.

"Papa ya batoto," alisema, "sema."

Nikasema. Nilisema yote, na jinsi nilivyoyasema ndivyo yalivyozidi kuwa ya kijinga.

"Uliificha mu dossier gani?" shemeji aliuliza.

"Sombe."

"Sombe?"

"Juu isijulikane."

"Isijulikane na nani?"

"Na machine."

"Alifikiri antivirus haikulaka sombe," mke wangu alisema, na akacheka mpaka akashika ubavu. Shemeji hakucheka. Alikuwa ananiangalia kwa namna ambayo sikuizoea, kama muuguzi anavyomwangalia mtu aliyesimama mlangoni akisema mgonjwa hayupo.

"Weye pia, shemeki?" alisema polepole. "Weye mwalimu? Kule Beni tulikuwa tunafika ku nyumba, banatuambia mama alisafiri Eringeti. Na mama iko chini ya kitanda, tunasikia analia."

"Na bale baliingia kule," nikauliza, kwa sababu sikuwahi kuthubutu kumuuliza, "balikuwa banatoka?"

"Balitoka. Hapana bote. Mais bale balikuja mapema, mingi balitoka na miguu yao, tunabapigia makofi ku mulango. Bale balifichwa, njo tulikuwa tunazika." Akavuta kiti changu, nami nikiwa bado nimekikalia. "Quarantaine hapana kaburi. Fungua tuone."

Nikafungua ile ngao na kutafuta sehemu inayoonyesha yaliyokamatwa. Na pale, mstari wa juu kabisa, ilikuwapo TFC, jina lake lote, haijaguswa. Karantini ya kompyuta ni chumba kilichofungwa. Kitu kikiwekwa humo hakiwezi kufanya kazi wala kugusa vingine, lakini hakijafutwa. Kinangoja uamue. Kando yake palikuwa na neno la kurudisha, na mkono wangu ukaruka kulibonyeza. Shemeji akaushika.

"Hapana bado! Mugonjwa hapana kutoka hivi hivi, eti juu tumemuona. Ugonjwa yake ni gani?"

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze, maelezo yangu yakapata kazi. Nilimwambia kwamba maneno yake hayakuwa na ugonjwa. Maneno ni maneno. Ugonjwa ulikuwa amri ndogo zilizojibandika ndani ya hati, ambazo huitwa makro, na huamka pale tu mtu anapokubali ziamke. Tukiweza kuyatoa maneno na kuziacha amri, tumepona.

"Donc tunavua mugonjwa manguo, tunachoma manguo, mutu anatoka."

"Njo hivyo."

"Sasa fanya. Pole pole. Na useme kila kitu unafanya, mbele ya kukifanya."

Tukafanya hivi. Kwanza tukaisafisha flashi yake kabisa, ikabaki tupu. Tukakata intaneti. Nikairudisha TFC peke yake, nikaifungua, na juu yake ukatokea utepe wa njano ukiniomba niruhusu yaliyomo yafanye kazi. Kidole changu kikausogelea. Kina mazoea ya kukubali. Shemeji akasema, "Hapana," kwa sauti ileile ambayo nadhani aliitumia kwa jamaa waliotaka kumkumbatia mgonjwa. Sikuugusa utepe. Nilichagua maneno yote, nikayanakili, nikayabandika kwenye hati mpya, maneno tu, bila mapambo yake. Majedwali yalivurugika. Namba za kurasa zilipotea. Lakini akina mama wa Oicha wote walivuka, na watoto wao, na mikono yao. Tukaihifadhi hati mpya kwa jina jipya, tukaifuta ile ya zamani mbele ya macho ya wote watatu, kisha tukaiambia ngao ipekue tena. Ilipekua, ikasema hakuna kitu.

"Wasingya," shemeji alisema, ambalo ni asante kwa Kinande. Hakuniambia mimi. Aliiambia kompyuta.

Alhamisi yote aliitumia kupanga upya majedwali, na mimi nikapewa kazi ya kumsomea namba. Kabla ya kwenda kuchapa, alitaka kuibeba flashi ikiwa na kila kitu. Nikamwomba abebe nakala ya PDF tu, ambayo ni kama picha ya kazi. Hata ikiharibika kule, kazi yenyewe imebaki nyumbani. Nakala nyingine tuliituma kwenye barua pepe yake, na nyingine kwenye simu ya mke wangu, ambaye aliuliza kama TFC nayo itakula mega zake. Yule baba wa kofia ya sufu alipomwona shemeji akamuuliza kama Prof alifurahia ile dawa ya maisha yote. Shemeji alimjibu kwamba Prof bado yuko chini ya uangalizi.

Ijumaa alfajiri aliteremka Beni kwa gari la abiria, kazi imefungwa kwenye mfuko wa plastiki kifuani, ndani ya sweta. Asubuhi ile nilifundisha mito ya Kongo vibaya sana. Niliipeleka Lualaba mahali isipotaka kwenda, na darasa zima likaniangalia bila kunirekebisha. Simu iliita wakati wa mapumziko. Kulikuwa na kelele za watu na pikipiki.

"Shemeki! Nimedeposer! Banapokea kazi!"

Nilipomwambia mke wangu, aliwatangazia wenye meza zote za vitenge, na kwa kuwa alilazimika kueleza kwa nini ilikuwa habari kubwa hivyo, soko zima sasa linajua kuhusu Sombe. Nikipita kununua mboga, wananiuliza kama nataka ya kula au ya kuficha. Na shemeji alitetea kazi yake mwezi uliofuata, nami nilikuwepo, nyuma kabisa, nikiwa na koti langu katika joto la Beni, nikipiga makofi mlangoni alipotoka.

Basi, wewe unayenisikiliza, fanya hivi kabla ya kuzima kompyuta yako leo. Tafuta ile antivirus iliyokuja nayo, hakikisha imewashwa, ipe mega kidogo ipate habari mpya, na iache ipekue. Ikikuta ugonjwa ndani ya kazi unayoipenda, usifute na usifiche: bonyeza quarantaine, kisha mwite mtu mkae wawili mbele ya kioo, na usome kila neno kwa sauti kabla ya kubonyeza linalofuata.